Namna ya kuomba mguu ya bandia ao trisikli hapa Goma

Ndugu zangu, watu wengi wananiulizaka namna mdogo wangu, mwenye alikatwa mguu, alipata ya bandia, basi naandika yote hapa, mwenye ana mutu nyumbani asome.

Usingojee kidonda ya kukatwa ikauke kabisa njo uanze. Sisi tulingojea, tukapoteza miezi, na mama kwa huruma alikuwa anamuwekea muto chini ya goti kila usiku, hatukujua kama ile muto njo ilikuwa inaharibu, goti ikazoea kujikunja ikakataa kunyooka, na kama goti hainyooki mguu ya bandia haikai vizuri. Kwa hiyo mukiwa bado ku opitali muombe kine (mwenye kufundisha mazoezi ya mwili) awaonyeshe kufunga bandeji ya kuvutika: unakaza zaidi kule mwisho, unalegeza kadiri unapanda juu, na unaifungua na kuifunga tena mara kadhaa kwa siku. Hii ni sehemu ya dosie kama vile karatasi, juu kipande (mguu wenye kubaki kisha kukatwa) kikiwa bado kimevimba hawawezi kukipima.

Karatasi sasa. Karte ya elekteri, ao kwa mtoto karatasi ya kuzaliwa, picha ndogo, na barua ya dokta. Hiyo barua uisome mbele ya kutoka: iseme ni mguu gani, ulikatwa wapi (juu ama chini ya goti), tarehe gani, na kama kuna sukari ao ugonjwa mwingine. Piga fotokopi ya kila kitu, orijinali ibaki nyumbani. Kama hamna makuta uliza pia karatasi ya indijansi (yenye kuonyesha hauna uwezo wa kulipa), anza kwa shefu wa kartie, yeye anakuelekeza komini ao ku Affaires Sociales.

Ofisi moja tulifika, yule bwana ananiuliza mimi jina ya mdogo wangu na miaka yake, na mwenyewe amekaa pale anasikia yote. Iliniuma sana. Mwache mwenye mwili ajibu mwenyewe. Na mujue kuna Sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wanaoishi na ulemavu, tena Katiba ya 2006, kipengele cha 49, inasema wana haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Kwa hiyo unaongea kwa heshima, lakini hauko unaomba sadaka.

Mahali pa kwenda: Goma tuna kituo Shirika la Umoja, Bukavu kuna Heri Kwetu, vyote viwili CICR (Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu) ilivisaidia kwa miaka mingi. Piga simu ao tuma mutu aulize siku ya kupokea wapya, na usiogope kuuliza nani analipa nini. Siku ya kwanza wanaangalia ngozi na nguvu ya misuli tu, mguu haupewi siku hiyo. Baadaye wanazungushia kipande plasta yenye maji ili kupata umbo lake, kutoka pale wanatengeneza plastiki, unarudi kujaribisha, halafu unajifunza kutembea kati ya vyuma viwili umeshikilia. Ukivua na kuona wekundu ambao haujaisha kisha dakika 10, usivumilie, rudisha mguu warekebishe, juu kidonda kimoja kinakurudisha nyuma wiki nyingi.

Kwa wale hawatatembea, fikirini barabara mbele ya kuchagua. Kiti ya magurudumu madogo mu aveni zetu za mawe ya volkano inakwama, gurudumu ya mbele inaingia kati ya mawe na mutu anaanguka uso chini. Trisikli ya kusukuma na mikono inakwenda vizuri zaidi ku lami, lakini haipiti mulango ya nyumba ndogo, basi pima mulango kwanza na useme vipimo pale ku kituo.

Mkubwa anabadilisha mguu kisha miaka 3 mpaka 5, lakini mtoto anakua, yeye ni karibu kila miezi 6 mpaka 12. Kwa hiyo mama wa mtoto, siku ile unapokea mguu, uombe papo hapo tarehe ya kurudi.