Somo: Kupanga mafuta ya mshipani kwa mtoto njiti bila kuchochea inflamesheni (uvimbe unaotokea mwili unapojikinga)

Somo hili limeandikwa kwa wauguzi na madaktari wanaoanza zamu katika wodi ya watoto wachanga, ingawa mzazi anayetaka kuielewa ile sirinji nyeupe iliyo kando ya mwanawe anakaribishwa pia. Halichukui nafasi ya mwongozo wa wodi yenu.

Hatua ya 1: Anza mapema. Mtoto njiti hutengana na kondo la nyuma kabla ya kuvuna akiba ya mafuta ambayo mimba huijenga katika miezi yake mitatu ya mwisho, na akikaa bila mafuta, upungufu wa asidi za mafuta za lazima, ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, unaweza kuanza ndani ya siku chache. Mwongozo wa Ulaya wa 2018 unaruhusu kuanza mara tu baada ya kuzaliwa, na hautaki mafuta yacheleweshwe kupita siku ya pili.

Hatua ya 2: Yafahamu mafuta uliyo nayo. Mafuta ya soya, ambayo yalianza kutumika kwa njia hii Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1960 kutokana na kazi ya Arvid Wretlind wa Uswidi, karibu nusu yake ni asidi ya linoleiki, ambayo ni omega-6. Mwili huigeuza kuwa asidi ya arakidoniki, na kutokana na hiyo hutengeneza prostaglandini na lukotrieni zinazochochea inflamesheni. Omega-3 za mafuta ya samaki hugombea vimeng'enya hivyohivyo, hutoa vichochezi vilivyo dhaifu zaidi, na baadhi yake huzaa resolvini zinazosaidia inflamesheni kuisha. Kwa sababu hiyo yako mafuta mchanganyiko: soya asilimia 30, mafuta ya minyororo ya kati 30, zeituni 25 na samaki 15.

Wengi hukomea hapo na kuhitimisha kwamba omega-6 ni adui. Sikubaliani nao hata kidogo, kwa kuwa arakidoniki hiyohiyo inahitajika katika ujenzi wa ubongo na wa mishipa ya damu ya retina (utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga).

Hatua ya 3: Kokotoa kiasi, kisha ukague linoleiki. Tuchukue mtoto wa gramu 900 aliyeandikiwa gramu 2 kwa kila kilo kwa siku. Anahitaji gramu 1.8 za mafuta. Dawa ya asilimia 20 ina gramu 20 katika kila mililita 100, kwa hiyo atapata mililita 9 kwa saa 24, na pampu itawekwa kwenye mililita 0.375 kwa saa. Ukomo wa juu ni gramu 4 kwa kilo. Baada ya hapo angalia linoleiki, ambayo kwa njiti haitakiwi kushuka chini ya gramu 0.25 kwa kilo kwa siku. Katika mafuta mchanganyiko, linoleiki ni takriban sehemu moja ya tano: kwa gramu 2 mtoto anapata 0.4, lakini ukipunguza hadi gramu 1 anabaki na 0.2, yaani umemweka katika upungufu huku ukidhani unamkinga.

Hatua ya 4: Yakinge mafuta na mwanga. Mwanga, hasa wa taa za kutibu manjano, huzalisha peroksidi zinazoumiza seli, kwa hiyo sirinji na mpira wake wote vifunikwe. Ukiona matone ya mafuta au tabaka la manjano limejitenga juu, usitikise ili kuyachanganya, tupa.

Hatua ya 5: Pima trigliseridi, yaani mafuta yaliyomo katika damu, na usiruhusu zipite milimoli 3.0 kwa lita.

MASWALI YA WANACHAMA

Muuguzi: Shikamoo mwalimu. Mtoto akipata maambukizi ya damu, tusimamishe mafuta?

Jibu: Marahaba. Msisimamishe kwa sababu ya maambukizi peke yake. Pimeni trigliseridi mara kwa mara zaidi, kwa kuwa wakati huo mwili huweza kushindwa kuyatumia mafuta, na zikipanda punguzeni kiasi kwa muda.

Mzazi: Je, mafuta ya samaki yatamzuia mwanangu asipate ugonjwa sugu wa mapafu?

Jibu: Mama, hakuna ushahidi thabiti wa hilo. Utafiti mkubwa ulioongozwa kutoka Australia na kuchapishwa mwaka 2017 uliwapa njiti omega-3 aina ya DHA kupitia tumboni, na ugonjwa huo haukupungua. Ule wa Uswidi wa 2021, uliotoa DHA pamoja na arakidoniki, pia kupitia tumboni, ulipunguza karibu kwa nusu madhara makali ya retina.

Daktari wa mafunzo: Nyongo imekwama na tuna soya tu. Tufanye nini?

Jibu: Steroli za mimea zilizomo katika soya huchangia tatizo hilo. Unaweza kushuka hadi gramu 1 kwa kilo, kwani linoleiki itabaki karibu 0.5, ila fuatilia uzito kwa makini kwa sababu nishati imepungua. Mafuta ya samaki matupu, yaliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa watoto wenye nyongo iliyokwama kutokana na lishe ya mshipani, ni ya uokoaji wa muda tu. Wakati huohuo ongeza maziwa ya mama kupitia tumboni kadiri utumbo unavyostahimili, maana kila mililita anayoipokea hukupunguzia haja ya sirinji.