Somo: kabla hujapiga stata Jumamosi asubuhi, fungua boneti kwanza

Wakuu kwema? Mimi sio fundi, ni dereva tu niliyefundishwa na hasara. Mwaka juzi natoka Buguruni naelekea Ubungo, foleni ya Mandela Road imelala, nafika Tabata Relini naona mvuke unatoka kwenye boneti kama mtu kabandika maharage. Rejeta kavu kabisa. Cha ajabu ile chupa ya pembeni ya akiba ya maji ya rejeta ilikuwa imejaa mpaka imepita alama, ndo maana sikuwa na wasiwasi, kila siku natazama chupa naona maji yapo naondoka zangu, mfuniko wa rejeta wenyewe sijawahi kuugusa tangu ninunue gari. Kumbe mpira wa mfuniko ulishakatika, maji yakipata moto yanakimbilia kwenye chupa halafu hayarudi. Mfuniko bei yake ni chakula cha mchana tu, silinda hedi (kile kipande cha juu cha injini) iliyopinda hiyo nisiseme, wife anaweza kusoma hapa.

Basi twende. Unahitaji kitambaa kisafi cheupe, tochi ya simu na geji ya upepo YAKO MWENYEWE. Muda ni asubuhi kabla hujawasha, injini imelala usiku kucha, oili yote imeshuka chini, rejeta ya baridi na tairi za baridi. Gari iwe sehemu tambarare. Wa Goba na Kimara nawajua, parking zenu zimeinama kama paa la nyumba, hapo dipstiki (kile kijiti cha kupimia oili) itakudanganya, teremka taratibu mpaka sehemu ya usawa, zima, subiri kama dakika kumi ndo upime oili.

HATUA YA 1, OILI. Vuta dipstiki, futa, irudishe mpaka mwisho, vuta tena ndo usome. Ile ya kwanza usiiamini kwa sababu oili inakuwa imejipaka ovyo kwenye bomba. Angalia pande zote mbili, upande mmoja ukisoma juu na mwingine chini shika wa chini. Oili ikae kati ya alama mbili, ikikaribia ya juu vizuri zaidi. Ikiwa chini ongeza robo lita, subiri ishuke, pima tena, usimimine lita nzima kwa mkupuo maana kwenye gari ndogo nyingi toka alama ya chini mpaka ya juu ni kama lita moja tu. Na kuzidisha sio sifa, krenki (chuma kinachozunguka ndani chini ya injini) ikianza kuipiga oili inatoa povu na povu halilainishi kitu. Rangi nyeusi peke yake isikutishe. Ila ukikuta imekuwa kama chai ya maziwa hapo maji yameingia kwenye oili, USIWASHE, ita fundi aje nyumbani.

HATUA YA 2, MAJI. Injini ikiwa ya baridi tu, nasisitiza, maana ile rejeta ina presha, maji yake yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka ila ukifungua mfuniko yanalipuka hapohapo usoni kwako. Fungua mfuniko, maji yawe mpaka mdomoni. Halafu chupa iwe kati ya LOW na FULL. Sasa kuna hii tabia yetu ya kujaza maji ya kisima, na visima vingi vya huku Dar maji yake yana chumvi, ukiyaonja tu unajua. Chumvi inakula rejeta kwa ndani na kutu inaziba vitundu. Weka kulanti (maji maalumu ya rejeta), kama ni ile nzito ya kuchanganya basi nusu kwa nusu na maji ya distildi, kama ni ile iliyochanganywa tayari usiongeze kitu. Na usichanganye aina tofauti eti zote ni kulanti.

HATUA YA 3, BREKI. Kile kichupa kidogo upande wa dereva karibu na kioo, usikifungue, tazama kwa nje tu uone MIN na MAX. Mafuta ya breki yanavuta unyevu toka hewani, na Dar hewa yetu unaijua. Kimeshuka kidogo kidogo kwa miezi? Mara nyingi pedi zinaisha, kagua pedi kwanza kabla hujajaza. Kimeshuka ghafla? Kuna sehemu inavuja, usiendeshe. Aina imeandikwa kwenye mfuniko, DOT 3 au DOT 4, na usije ukaweka hydroliki (mafuta ya usukani) humo, mpira wote wa breki utavimba. Yakidondokea rangi ya gari osha na maji haraka, yanababua.

Hydroliki ya usukani ni kuangalia alama tu, na kama usukani wako ni wa umeme basi hiyo chupa haipo usiitafute. Maji ya vaipa jaza.

HATUA YA 4, UPEPO. Hapa ndo watu wengi tunadanganyika. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna stika. Gari zetu za Japani zinaandika kPa (kipimo cha presha, kama PSI ya kwenye geji), sasa 220 kPa ni PSI 32, 230 ni 33, 250 ni 36. Hiyo ndo namba yako, sio ya kijana wa sheli wala ya jirani mwenye Harrier. Mbele na nyuma zinaweza kutofautiana, soma vizuri. Fungua kifuniko cha valvu, bana geji iingie wima, ikipiga "psss" ndefu hujaikaza, rudia. Pima kabla hujatembea, ukishazunguka mpaka sheli tairi imepata moto inasoma juu, ukitoa upepo pale ufike kwenye stika basi kesho asubuhi utakuwa chini. Na spea! Kale katairi kembamba kanataka 420 kPa, yaani PSI 60, wengi tunako kamelala na 20 humo kwenye buti.

HATUA YA 5, GIABOKSI. Nimeiweka mwisho makusudi kwa sababu gari nyingi za oto (gia zinajibadili zenyewe) zenye dipstiki ya gia zinapimwa injini inawaka na imepata moto. Hendibreki juu, mguu kwenye breki, pitisha gia zote taratibu, rudi P, ndo upime kwenye alama ya HOT. Kama gari yako haina dipstiki ya gia mwachie fundi.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mbagala: Kaka mimi kijana wa upepo huwa ananiwekea 40, anasema gari inakuwa nyepesi na mafuta hayaendi, na kweli tairi imeandikwa 44.
Jibu: Dada yangu hiyo 44 ni mwisho wa uwezo wa tairi, sio gari yako inachotaka. Ukiweka 40 tairi inaisha katikati, inarukaruka kwenye mashimo na breki za mvua zinateleza. Fuata stika.

Mdau mwenye Noah, Bunju: Mkuu oili inapungua ila chini hakuna hata tone.
Jibu: Inaungua hiyo. Tazama moshi wa bluu. Moshi ukitoka asubuhi tu ukiwasha halafu ukaacha, shuku sili za valvu za injini. Ukitoka kila ukikanyaga mafuta, shuku ringi za pistoni. Andika kwenye simu kilomita na kiasi unachoongeza, fundi akikuuliza usianze kukisia.

Mdau wa Tegeta: Upepo wa naitrojeni vipi, una maana?
Jibu: Hewa ya kawaida yenyewe ni naitrojeni kama asilimia 78. Ya bure chukua, ya kulipia nunua geji.

Mdau wa Tabata: Gari ikichemka niko katikati ya foleni nafanyaje?
Jibu: Zima AC, washa hita mpaka mwisho (utatoka jasho lakini inasaidia kutoa joto), tafuta pembeni, zima injini, fungua boneti na uondoke hapo. Nusu saa au zaidi. Watakuja vijana na madumu wakwambie bosi fungua tumwagie, wakatalie, na maji ya baridi kwenye injini yenye moto yanaweza kuipasua hedi.

Mdau wa Bunju tena: Sasa huo mfuniko wa rejeta nitajuaje umechoka?
Jibu: Injini ikiwa ya baridi uvue, minya mpira kwa kidole. Ukiwa mgumu, una mipasuko au springi imelegea, badilisha. Juu yake kuna namba kama 0.9 au 1.1, hiyo ni presha, nunua yenye namba ileile. Nenda dukani nao mkononi, usiende ukaeleze kwa mdomo.