Namna ya Kuwafundisha Waandishi wa Habari Kuripoti Shughuli za Bunge

Habari nyingi za bunge huishia ukumbini: nani alimjibu nani, nani aliamriwa kufuta kauli, nani alitolewa nje. Msomaji akimaliza hajui ni kifungu gani cha sheria kinachobadilika, wala kama bado anayo nafasi ya kukipinga. Ndiyo maana mafunzo yanapaswa kumjenga mwandishi anayeandika mapema, wakati uamuzi haujafanyika na sauti ya mwananchi bado inaweza kuugeuza.

Mkufunzi achague muswada mmoja ambao bado uko bungeni, kisha darasa zima liufuate kuanzia maandishi yake hadi kura. Washiriki wausome pamoja na sheria inayorekebishwa, maana kifungu kinachosema tu kwamba neno fulani lifutwe hakieleweki mpaka sheria hiyo inayorekebishwa iwe mezani. Kwa kila kifungu wajiulize nani anapewa mamlaka, nani anabebeshwa gharama, na ni mambo gani yameachiwa waziri ayatungie kanuni baadaye. Swali hili la mwisho husahauliwa mara nyingi, ingawa huko kwenye kanuni ndiko yanakowekwa mambo mengi yanayomgusa raia moja kwa moja, kama vile ada na masharti ya leseni.

Baada ya hapo wafundishwe hatua za muswada. Nchini Kenya na Tanzania muswada ukishasomwa mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati, na hapo ndipo wananchi na wadau hupata fursa ya kutoa maoni. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 118, inalitaka Bunge liwezeshe ushiriki huo. Mwandishi anayesubiri muswada usomwe mara ya tatu, yaani hatua ya kuupitisha, amechelewa. Kwa hiyo zoezi la kwanza la uandishi liwe habari ya kamati, yenye tarehe ya mwisho ya kuwasilisha maoni, mahali pa kuyapeleka na maelezo ya kifungu kinachobishaniwa. Jedwali la marekebisho, yaani orodha ya mabadiliko yanayopendekezwa kwenye muswada, nalo lisomwe kwa makini, kwa sababu sentensi moja iliyoongezwa dakika za mwisho inaweza kubeba uzito kuliko hotuba zote za siku hiyo.

Sehemu inayostahili muda mrefu zaidi ni fedha za umma. Wape washiriki ripoti ya ukaguzi na makadirio ya bajeti ya wizara ileile, walinganishe kiasi kilichoidhinishwa, kilichotolewa na kilichotumika. Uingereza ilianzisha Kamati ya Hesabu za Serikali mwaka 1861, na mabunge mengi ya Jumuiya ya Madola yana kamati ya namna hiyo, ambayo huwahoji watendaji juu ya hoja za mkaguzi. Kazi ya mwandishi haimaliziki siku ripoti inapowasilishwa. Arudi baada ya miezi kadhaa kuuliza ni mapendekezo gani yametekelezwa. Mimi naamini ufuatiliaji huu ndio unaowabana viongozi kuliko vichwa vya habari vikali.

Sheria ya kinga nayo ifundishwe, tena kwa msaada wa mwanasheria wa nchi husika. Mbunge hulindwa kwa anayoyasema katika shughuli za bunge, lakini akirudia tuhuma zilezile nje mbele ya vipaza sauti, ulinzi huo kwa kawaida haumfuati. Mwandishi pia hutegemea ulinzi wake juu ya kuripoti kwa usahihi na kwa haki, hivyo nukuu zilinganishwe na Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya bunge, au na kinasa sauti chake mwenyewe, na jibu la anayetuhumiwa litafutwe.

Mwaliko uwafikie wahariri pia, kwani mwandishi aliyefunzwa vizuri atarudi kuandika ugomvi wa ukumbini ikiwa mhariri wake hachapishi kingine. Habari za washiriki zipimwe kwa kumpa msomaji asiyejua lolote kuhusu muswada ule, kisha aulizwe nini kinabadilika, mbunge wake amepiga kura gani endapo kura ilirekodiwa kwa majina, na afanye nini kama hakubaliani. Asipoweza kujibu, habari irudishwe kwa mwandishi ikiwa na alama mahali alipokwama.