Kulisoma Bonde la Oldupai, kuanzia Makumbusho ya Taifa Dar

Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, haliko Oldupai. Mary Leakey alilipata huko tarehe 17 Julai 1959, lakini linahifadhiwa Dar es Salaam, Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert. Kwa hiyo ukiwapeleka wanafunzi bondeni, wapitishe hapo kwanza, wiki moja kabla ya safari. Muulize mwongozaji kama kilichomo kabatini ni fuvu lenyewe au nakala.

Kisha watazame magego, makubwa kuliko ya mtu wa leo, na ukingo wa mfupa uliosimama katikati ya utosi. Kila mmoja aweke vidole kwenye panja zake, atafune. Misuli inayocheza pale ndiyo ya kutafunia. Ya Zinjanthropus ilipanda hadi kushika ule ukingo. Rekebisha kosa moja hapo hapo: huyu si babu yetu wa moja kwa moja, ni tawi la pembeni. Homo habilis, kiumbe mwingine wa kale aliyetangazwa mwaka 1964 kutokana na mifupa ya bonde hilo hilo, ndiye anayewekwa karibu zaidi na ukoo wetu.

Zoezi la tabaka za udongo lifanyike hapa hapa mjini. Tafuta korongo lililochimbwa na mvua za masika, Goba au Kimara, simama mbali na ukingo, mchore rangi za udongo kuanzia chini kwenda juu. Cha chini ndicho kilichotangulia. Na neno korongo mtakutana nalo tena: herufi K katika majina ya maeneo ya uchimbaji Oldupai, kama FLK lilikotoka fuvu, ni korongo.

Njiani kutoka Karatu beba sweta, maana ukingo wa Ngorongoro unapita mita 2,200 na ukungu ni wa kawaida. Waonyeshe msitu mbichi, kisha nyasi kavu mkishuka upande wa pili. Upepo wa Bahari ya Hindi hupanda milima hiyo, ukamwaga mvua upande wa mashariki. Oldupai inapata mabaki ya mvua hiyo. Ndiyo maana jua la bondeni ni kali: lita 3 za maji kwa kila mtu, na kofia.

Bonde lina urefu wa kilomita 48 hivi na kina cha karibu mita 90. Mkifika kwenye kibanda cha kutazamia, macho yaanzie chini, kwenye mwamba mweusi wa volkano wenye umri wa miaka milioni 2 hivi. Juu yake ni Tabaka la Kwanza, lenye majivu ya volkano. Majivu hayo ndiyo yaliyopimwa umri kwa kulinganisha potasiamu na agoni, gesi inayotokana nayo polepole, na mwaka 1961 ikatangazwa kwamba fuvu lina miaka milioni 1.75. Tabaka la Pili lina shoka za mkono za mawe. La Tatu ni jekundu, hamtalikosa: ndilo lililojenga ile nguzo iliyosimama peke yake mbele yenu.

Wengi huondoka wakiamini watu wa kale waliishi ndani ya bonde. Hapana. Waliishi kwenye ardhi tambarare kando ya ziwa. Maji yalikuja kulichonga bonde baadaye sana. Zinjanthropus hakuwahi kuliona.

Kushuka ni kwa kuongozwa. Jiwe lililobanduliwa kwa mkono lina sehemu ndogo bapa lilipogongwa, na chini yake uvimbe laini wenye mawimbi. Lililosukumwa na mto limeviringika pande zote. Tazama bila kuokota: likishahamishwa, hakuna tena wa kusema lilitoka tabaka gani.

Malizieni kwenye mchanga unaohama, kaskazini mwa bonde: rundo jeusi la majivu ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai, lenye umbo la mwezi mwandamo, linalosogea wastani wa mita 17 kwa mwaka. Chembe zake zina chuma. Funga sumaku kwenye mfuko wa nailoni kabla ya kuigusisha mchangani, la sivyo hazitatoka. Pale kuna alama za miaka. Simameni kwenye mojawapo, pimeni hadi ulipo mchanga leo, gawanyeni kwa miaka iliyopita. Msiupande, nyayo zinabomoa ukingo.