Somo: Matusi mepesi na majina ya mahaba, kutoka Kiingereza kwenda Kihispania

Wengi wetu Kihispania tunakifikia kwa kupitia Kiingereza. Vitabu vya kujifunzia vinaeleza kwa Kiingereza, na kazi za kuandika maneno ya chini ya filamu huja zikiwa Kiingereza kwenda Kihispania. Njia hiyo inafaa ukitaka kujua meza, kiti na bei ya nyanya. Ukifika kwenye “honey”, “jerk” na “you idiot”, inakuacha njiani. Maneno haya huwezi kuyahamisha bila kujua nani kamwambia nani, nchi gani, na damu imechemka kiasi gani.

Matusi ya nguoni nimeyaacha, hata mkiomba. Kuhusu matamshi: irabu zao ni tano kama zetu, ñ ni “ny”, na j ni ile “kh” ya watu wa pwani.

Hatua ya 1: Pima joto kwanza

Kabla ya kufungua kamusi, andika pembeni ya sentensi: msemaji, msemwa, uhusiano wao, na joto. Mimi hutumia viwango vinne: utani, kero, hasira, ugomvi. “You idiot” ya dada kwa mdogo wake aliyemwaga chai si ile ya dereva aliyegongwa nyuma kwenye foleni.

Mashabiki wa mpira wanayo mifano miwili ya hili, yote ya Waruguay. Oktoba 2011 Luis Suárez wa Liverpool alirushiana maneno uwanjani na Patrice Evra wa Manchester United, na neno “negro”, yaani mweusi, likatumika. Suárez alijitetea kwamba kwao Uruguay hilo ni neno la kirafiki. Jopo la FA, chama cha soka cha England, halikukubali: watu wanaogombana hawaitani kirafiki. Akafungiwa mechi 8 na kutozwa pauni 40,000. Miaka tisa baadaye, Novemba 2020, Edinson Cavani alifunga mabao mawili Man U ikiifunga Southampton 3-2. Rafiki yake akampongeza Instagram, naye akajibu “Gracias negrito”, asante mweusi wangu mdogo. Akafungiwa mechi 3 na faini ya pauni 100,000. Safari hii Chuo cha Lugha cha Uruguay kilitoa tamko la kupinga, kwa hoja kwamba adhabu ile haikujali jinsi neno linavyotumika kwao.

Kwa maoni yangu jopo la 2011 lilikuwa sahihi na lile la 2020 halikuwa. Mzizi wa neno ni mmoja, nchi ni moja, lakini la kwanza lilisemwa kwenye ugomvi na la pili kwenye shukrani. Anayepima joto anaiona tofauti hiyo hata kama Kihispania chake ni cha wiki mbili.

Hatua ya 2: Chagua nchi

Hakuna mtu anayetukana kwa “Kihispania” tu. Anatukana kwa Kihispania cha Meksiko, cha Hispania, cha Chile. Mteja asipokuambia, muulize, na asipojibu chukua maneno yanayoeleweka kila mahali: tonto, idiota na imbécil kwa mjinga, mi amor na cariño kwa mpenzi.

Chukua “pendejo”. Meksiko ni mjinga, tena kwa ukali. Argentina ni mtoto au kijana, kwa lugha ya mtaani. Peru ni mjanja anayejua kuchezea wenzake. Sasa fikiria umeliweka kwenye mdomo wa bibi wa Buenos Aires ukidhani anamwita mjukuu wake mpumbavu.

Wito wa kishikaji, ule wa “dude” na “bro”, ndio unaohama zaidi: tío Hispania, güey Meksiko, boludo Argentina, parce Kolombia, mae Kosta Rika, weón Chile. Boludo, güey na weón asili yake ni matusi. Washikaji wakiitana hivyo hakuna anayeudhika, lakini umwambie mtu usiyemjua “sos un boludo”, wewe ni mjinga, uone.

Hatua ya 3: Majina ya mahaba

“Honey” si “miel”. Miel ni asali ya kwenye chupa. Watu hawaitani hivyo. Hispania sema cariño au cielo. Kwingine mi amor inatosha karibu siku zote, ila ujue ni neno jepesi kuliko linavyosikika: Jamhuri ya Dominika au Kosta Rika, muuza duka anaweza kukuita mi amor wakati anakurudishia chenji. “Sweetheart” ni corazón, “my sunshine” inakubali kuwa mi sol, na “baby” ni bebé, au nena kwa msichana.

“Pumpkin”, ambalo wazazi wa Kimarekani huwaitia watoto, lisiende kamwe kuwa “calabaza”. Hispania, kumpa mtu calabazas ni kumkataa aliyekutongoza. “Dear” nalo lina mtego. Kwenye barua querido au querida ni sawa kabisa, lakini ukisema “ana querida” umesema ana hawara.

Kisha kuna majina ya mwili, ambayo Kiingereza hakina ujasiri wa kuyatumia. Argentina mume anamwita mkewe gorda, mnene, hata kama ni mwembamba kama ufito, na rafiki anamwita rafiki flaco, mwembamba. Sisi tunaoita watu “bonge” na “kimbaumbau” bila kuvunja undugu tunalielewa hili haraka kuliko Mwingereza. Kwa hiyo “honey” ya mke na mume wa Córdoba, Argentina, inaweza kugeuka gorda na ikawa tafsiri bora kuliko cariño. Tafsiri hiyo mpe mtazamaji wa Argentina peke yake.

Hatua ya 4: Matusi mepesi

“Stupid” ya Kiingereza imechakaa, watoto wanaitana hivyo mezani. “Estúpido” bado inauma. Kwa joto la utani tumia tonto au bobo. Bobo ni kama zuzu kwetu. Kombe la Dunia la Qatar, Desemba 9, 2022, Argentina ilipoitoa Uholanzi kwa penalti, Messi alikatisha mahojiano akamgeukia Wout Weghorst: “¿Qué mirás, bobo?” Unatazama nini, we zuzu? Neno lenyewe ni la watoto wa shule, na ndiyo maana Waargentina walicheka na kulichapa kwenye fulana na vikombe. Aliyelitafsiri kwa tusi zito la Kiingereza aliharibu mzaha wote.

“Jerk” haina pacha. Imbécil inafanya kazi kila nchi. Hispania wana gilipollas, chafu kidogo na yenye ladha kamili, lakini ukivuka bahari nayo utasikika kama filamu ya Madrid. “Loser” watu hutafsiri perdedor. Kwa hasira, fracasado, aliyeshindwa maisha, inachoma zaidi. “Chicken” ya mwoga ni gallina, kuku jike, wala si pollo wa kwenye sahani, na kwa mwanamume unasema un gallina. “Nerd” wa kukariri vitabu ni empollón Hispania, traga Argentina, mateo Chile, chancón Peru.

Bahili ninampenda zaidi. Kila mahali ni tacaño, lakini Meksiko ni codo, yaani kiwiko, na wanaweza kukigonga tu kiwiko bila kutamka neno. Sisi wenye mkono wa birika tunawaelewa.

Kuwa mwangalifu na wanyama wa kike. Zorro, mbweha dume, ni mjanja. Zorra ni malaya. “She’s a sly fox” ikipita hapo bila kukaguliwa umemtukana mama wa watu.

Hatua ya 5: Sarufi

“You idiot!” na “Mjinga wewe!” zote zina “wewe”. Kihispania hakina: ni “¡Idiota!” basi. Ukiandika “¡Tú idiota!” kila mtu atajua umetoka wapi.

Jinsia hufuata mtu kwenye sifa: tonto, tonta. Haifuati kwenye jina la kitu: cielo, mbingu, ni la kiume, na vida, maisha, ni la kike, lakini mwanamke bado ni mi cielo, mwanamume bado ni mi vida.

“Eres tonto” ni tabia yako, “estás tonto” ni leo tu umeamkia upande mbaya. Na tafadhali, “you’re good” isiwe “estás bueno”, maana hapo umemwambia ana mwili wa kutamanika.

Mwisho, tú, usted au vos, zote ni “wewe”: tú ya kawaida (eres, wewe ni), usted ya heshima, vos ya mahali pa tú katika baadhi ya nchi. Argentina na Uruguay ni vos: sos, mirás, vení. Tusi la Buenos Aires lenye “eres” linachekesha.

Hatua ya 6: Mkia wa neno

Sisi tunapunguza na kukuza kwa mbele: kitoto, jitoto. Wao wanafanya kwa nyuma. Tonto akiwa tontito au tontorrón amepoa, anaweza kukumbatiwa. Kuongeza ukali, weka “pedazo de” mbele: pedazo de idiota, pande la mjinga.

MASWALI YA WANACHAMA

kahawa_chungu: Mimi ni mwongoza watalii Arusha. Wamama wa Kihispania wananiita “cariño” na “majo”. Na mimi niwajibu cariño?

Jibu: Hapana. Majo ni sifa tu, wanasema wewe ni mtu mwema na mchangamfu. Cariño ya mama wa miaka sitini kwa kijana ni kama “mwanangu” kwetu, hairudishwi. Mwite kwa jina lake, au señora kama ni mtu mzima sana. Wahispania wengi watakuomba uwaite tú siku ya kwanza, hiyo ikubali.

binti_wa_bara: Shemeji yangu Mkolombia ananiita “negrita”. Najua anapenda, lakini naumia. Nimezidisha?

Jibu: Hujazidisha. Kolombia, Karibiani na kule Argentina na Uruguay, ndani ya familia neno hilo ni la upendo, na linaitwa hata watu wasio weusi. Lakini wapo weusi wa nchi hizohizo wasiolitaka. Mwambie kwa utulivu: “Prefiero que me llames por mi nombre”, napendelea uniite kwa jina langu. Na kwa mtafsiri: “honey” ya Kiingereza usiigeuze negrita kwa hiari yako hata siku moja.

daftari_bovu: Ukitumia usted, tusi si linapungua makali?

Jibu: Linaweza hata kuongezeka, kwa sababu unamsukuma mtu mbali huku unamtukana. Ila usiifanye kanuni. Bogotá kuna wanandoa na marafiki wanaoitana usted kila siku, na “venga, mi amor”, njoo mpenzi, ya usted ni mahaba kamili.

mzee_wa_kamusi: Kamusi gani inaonyesha nchi?

Jibu: Diccionario de americanismos ya 2010, ya umoja wa vyuo vya lugha ya Kihispania, inasomwa bure mtandaoni na kila maana ina vifupisho vya nchi. Kwa Hispania, ile ya Real Academia Española, chuo cha lugha cha Hispania. Ukiona “malson.” jua ni neno chafu, “despect.” ni la dharau, “coloq.” ni la mazungumzo.

chai_rangi: Nimejitungia zoezi. Mama wa Buenos Aires kwa bintiye mdogo: “Come here, you silly, come here, honey.” Nimeandika: “Ven aquí, tú tonta, ven aquí, miel.”

Jibu: Umepata joto, umekosa nchi. “Ven aquí” ni ya Hispania. Mama huyu anatumia vos. “Tú” itoke, “miel” itoke, na tonta kwa mtoto mdogo ipe mkia ili ipoe zaidi. Andika: “Vení acá, tontita, vení, mi amor.” Sasa nigeuzie hiyohiyo iwe ya mama wa Sevilla.