Kulinganisha mashairi mawili ya kisasa: anza na maneno kwanza

Wengi wakipewa mashairi mawili wayalinganishe wanarukia dhamira moja kwa moja, wanaandika "yote mawili yanazungumzia bahari" halafu wanakwama hapo, manake bahari si dhamira, hiyo ni mada tu. Dhamira ni kile mshairi anachotaka tukione kuhusu hiyo bahari, na hukipati kwa kusoma juujuu. Mi nashauri uende kinyume: maneno kwanza, kisha toni (yaani hisia inayosikika kwenye sauti ya shairi), dhamira mwisho.

Nimetunga vipande viwili tufanyie kazi, vyote vya feri ya Likoni, kule Mombasa. Cha kwanza kina vina na mizani:

Ewe kivuko Likoni, wavusha wa kila hali,
Tajiri na masikini, wote umewakubali.

Cha pili ni shairi huru, yaani halifuati vina wala mizani:

Feri imechelewa tena.
Jasho. Boda. Mtoto analia.
Tumebanwa kama mizigo
isiyo na mwenyewe.

Visome kwa sauti, si kwa macho tu. Halafu chukua penseli upige mstari chini ya maneno yanayokushtua, hasa vitenzi. Kwangu mimi ni "umewakubali" na "tumebanwa". Sasa fanya hivi, toa neno uweke jingine la karibu uone kinachopotea. Badala ya "tumebanwa" sema "tumesongamana". Hali ni ileile, watu ni walewale, lakini lawama imepungua sana, kwa sababu kusongamana tunasongamana wenyewe, ila kubanwa kuna aliyetubana na mshairi hamtaji. Hapo ndo penye utamu wote wa shairi na wanafunzi wanapapita mbio. Tazama pia hilo "tena", kaneno kadogo tu lakini kanatwambia hii si mara ya kwanza. Kwenye kipande cha kwanza nako, "umewakubali" inaifanya feri kama mwenyeji anayepokea wageni, na anayeijua Likoni ataelewa, wa miguu pale halipi kitu.

Angalia na nafsi, yaani nani anasema ndani ya shairi (huyo ndiye nafsineni). Wa kwanza anasema "wote", yaani amesimama kando anatazama, wa pili anasema "tu-", yumo ndani ya umati, jasho ni lake. Hii peke yake inakupa aya nzima.

Toni sasa inakuja bila kulazimisha: ya kwanza ni ya sifa, ya pili ni ya uchungu na lawama. Tafadhali usiandike "toni ni nzuri" au "toni ni mbaya", tafuta jina lake halisi (huzuni, kejeli, kusihi, matumaini, masikitiko) na papo hapo onyesha neno lililokupa jina hilo. Na shairi refu linaweza kubadilisha toni katikati, kwa hiyo usikimbilie kuipa jina ukiwa ubeti wa kwanza.

Dhamira ukiifikia sasa ni rahisi: kimoja kinaonyesha usawa, kingine kinalalamikia mwananchi asiyethaminiwa. Feri ni moja.

Kwenye kuandika, usimalize shairi la kwanza ukurasa mzima ndo uingie la pili, hapo hujalinganisha, umeeleza mara mbili. Yaweke yote kwenye sentensi moja: "Wakati nafsineni wa kwanza anaisifu feri kwa kupokea kila mtu, wa pili analalamika kubanwa, na tofauti hiyo imebebwa na vitenzi umewakubali na tumebanwa." Umbo litaje pia lakini lipe kazi, kusema hili lina vina lile halina haitoshi, sema sentensi za neno mojamoja kama "Jasho. Boda." zinakufanya usikie nini.

Ukitaka mazoezi ya kweli chukua shairi moja la Abdilatif Abdalla kutoka Sauti ya Dhiki (1973) na moja la Alamin Mazrui kutoka Chembe cha Moyo (1988). Wote watoto wa Mombasa, wote waliwahi kufungwa kwa sababu ya siasa, lakini Abdilatif anashika arudhi (kanuni za vina na mizani) na Kimvita chake, lahaja ya Mombasa, wazi kabisa, na Mazrui yuko huru zaidi na umbo. Ila usianze na habari za jela, soma maneno kwanza, jela uilete pale tu shairi lenyewe linapokupeleka huko.