Jinsi Wanafunzi wa Sekondari Wanavyoweza Kujitolea Kuhifadhi Ardhi ya Kijiji

Klabu nyingi za mazingira huanza kwa kupanda miche. Katika maeneo makavu kama Dodoma, miche iliyopandwa kwa shangwe hukauka kiangazi cha kwanza kwa kukosa wa kuimwagilia. Wanafunzi wenye Jumamosi chache watafanya la maana zaidi wakizuia maji ya mvua yasikimbie na udongo, na wakitunza visiki ambavyo bado vina uhai.

Kabla ya kushika jembe, mwalimu mlezi aiandikie barua serikali ya kijiji, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji jukumu la kusimamia ardhi hiyo. Eneo likiwa shamba la mtu, mwenyewe aridhie. Wafugaji nao wasisahauliwe: huko Kondoa, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 serikali ilifikia hatua ya kuondoa mifugo katika eneo lililomomonyoka ili uoto urudi. Klabu haina uwezo wa kuhamisha hata mbuzi mmoja, hivyo haina budi kukubaliana na wachungaji.

Mvua za Dodoma hunyesha takribani kuanzia Desemba hadi Aprili, kwa hiyo kazi ya kuchimba ifanyike Septemba na Oktoba. Kidato cha pili na cha nne huwa wanajiandaa kwa mitihani ya taifa wakati huo. Wasibebeshwe mzigo huu.

Ili kupata mstari wa kontua, yaani mstari unaokata mteremko kwa kimo kilekile na ambao mtaro utaufuata, tengenezeni fremu A kwa miti miwili ya urefu wa mita mbili hivi, iliyofungwa juu na kuunganishwa kwa ufito katikati, kisha mning'inize jiwe kwa uzi kutoka kileleni. Isimamisheni, wekeni alama pale uzi unapogusa ufito, geuzeni miguu ibadilishane nafasi ileile, kisha wekeni alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo penye usawa. Tembezeni fremu kwa kukata mteremko, mkipigilia kigingi kila mguu unapotua uzi ukiwa katikati. Kwa matuta ya fanya juu, mtaro huchimbwa kwa kufuata vigingi hivyo na udongo hutupwa upande wa juu. Anzeni juu ya mteremko, maana tuta la chini likipokea maji ya mlima mzima litabomoka.

Kwenye korongo dogo pangeni mawe kulikatisha, mkiyachimbia kwenye kingo zote mbili na kuacha katikati pawe chini kidogo ili maji yapite hapo. Korongo lenye kina kupita kimo cha mwanafunzi si la kuingia. Kingo zake huporomoka.

Kuhusu visiki, njia inayoitwa Kisiki Hai haihitaji maji wala kitalu. Katika kisiki cha mgunga kilichochipua, chagueni machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka na yenye afya, mkate mengine kwa panga kali bila kuchana gome, na mpogoe matawi ya chini bila kupita nusu ya kimo cha chipukizi. Fungeni kitambaa cha rangi ili mkata kuni ajue kwamba mti huo una mwenyewe. Baada ya miezi michache machipukizi mapya yatakuwa yamejaa chini; rudini kuyapunguza, na orodha ya visiki ikabidhiwe kwa kidato kinachofuata mwaka wa masomo unapoisha.